Je, Utumbo Mpana Wahitaji Kuoshwa? Somo kutoka Simiyu

UTANGULIZI

Msomaji aliyewahi kutembea katika minada na magulio ya Mkoa wa Simiyu, kuanzia Bariadi mjini hadi vijiji vya Maswa, Itilima na Meatu, huenda amemkuta muuza dawa akinadi chupa zake kwa kipaza sauti. Maneno yake kwa kawaida ni haya: kwamba kila mtu amebeba tumboni uchafu wa miaka mingi, kwamba uchafu huo umeganda katika kuta za utumbo na kutoa sumu iendayo kichwani, mgongoni na viunoni, na kwamba dawa yake itauzoa wote kwa siku moja.

Mnunuzi hurudi nyumbani, hunywa dawa, naye huharisha kutwa nzima. Jioni huona tumbo limekuwa jepesi, na kwa kuwa ameona mengi yakitoka, husadiki kwamba aliyoambiwa ni kweli.

Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo kwa mizani ya sayansi. Jambo lenyewe si la mzaha. Tuseme mkulima mmoja wa pamba anaona damu katika choo chake. Akiamini kwamba ile ni dalili ya "tumbo chafu", atanunua chupa leo, na nyingine mwezi ujao, huku ugonjwa halisi ukiendelea kumla. Kwa hiyo yatupasa kujua utumbo hufanya kazi gani, hujisafisha vipi, na ni lini mtu aache chupa akaende hospitali.

KAZI YA UTUMBO MPANA

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa meta 6 hivi. Huko ndiko sukari, mafuta na protini zinakofyonzwa na kuingia katika damu. Mabaki yake, ambayo bado ni majimaji, hupita katika utumbo mpana wenye urefu wa meta 1.5 hivi, ambao umezunguka tumbo kama fremu izungukavyo picha: hupanda upande wa kulia, hukata kati, kisha hushuka upande wa kushoto hadi kwenye puru.

Kazi ya kwanza ya utumbo mpana ni kurudisha maji mwilini. Kila siku hupokea yapata lita moja na nusu ya majimaji, nao huyafyonza karibu yote, hata kinachobaki kutoka na choo huwa ni kiasi cha kikombe kimoja tu au pungufu. Utumbo ukipitisha mabaki haraka mno, maji hayawahi kufyonzwa, na mtu huharisha. Ukiyapitisha polepole mno, maji hufyonzwa kupita kiasi, na choo huwa kigumu.

Kazi ya pili haijulikani na wengi. Utumbo mpana ni makao ya bakteria wasiohesabika, na sehemu kubwa ya uzito wa choo, maji yakiisha kuondolewa, ni bakteria wenyewe, walio hai na waliokufa. Hao si uchafu. Hula zile nyuzi za nafaka, mboga na kunde ambazo miili yetu haiwezi kuzisaga, nao hutoa asidi nyepesi. Mojawapo ya asidi hizo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha chembe hai za ukuta wa utumbo mpana. Kwa maneno mengine, sisi twawalisha bakteria, nao wanaulisha utumbo wetu.

Sasa na tujibu dai la uchafu ulioganda. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa kwa ute utelezao, na chembe za juu za ukuta huo hubanduka na kufanywa upya kila baada ya siku chache. Kuta zake hujikunja na kujikunjua mchana na usiku, zikisukuma yaliyomo kuelekea nje. Katika hali kama hiyo hakuna mahali ambapo mabaki ya miaka kumi yangeweza kushika kama masizi ya chungu. Madaktari wapasuaji, na wale wanaochungulia ndani ya utumbo kwa mrija wenye taa, huukuta ukuta wa mtu mwenye afya ukiwa na rangi ya waridi, laini na wenye kung'aa.

Basi yale mengi aliyoyaona mnunuzi wetu yalitoka wapi? Yalikuwa ni chakula cha siku moja au mbili zilizopita, pamoja na maji ambayo dawa yenyewe iliyavuta kutoka mwilini. Mtu yeyote, hata mwenye afya kamili, akinywa dawa ya kuharisha ataona mengi.

IMANI YA SUMU ILIKOTOKA

Imani hii si ya Usukuma wala ya Afrika peke yake. Wamisri wa kale walikuwa na desturi ya kuendesha tumbo, na katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya waliipa vazi la kisayansi. Nchini Ufaransa, Charles Bouchard alifundisha kwamba mwili hujitilia sumu kutokana na mabaki yaozayo utumboni. Elie Metchnikoff, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliuona utumbo mpana kuwa ni kiungo chenye madhara. Huko London, daktari mpasuaji William Arbuthnot Lane alifika mbali zaidi: aliwakata wagonjwa utumbo mpana kwa sababu tu ya kufunga choo.

Nadharia hiyo iliangushwa kwa majaribio. Mwaka 1919 daktari Mmarekani Walter Alvarez alionyesha udhaifu wake kwa hoja iliyo wazi. Mtu aliyefunga choo huumwa kichwa na kujisikia mzito, lakini mara tu apatapo choo hupona ndani ya dakika chache. Kama sumu ingekuwa imeenea katika damu, ingewezekanaje iondoke upesi hivyo? Mwaka 1922 ulitangazwa uchunguzi mwingine, ambamo puru za watu wenye afya zilijazwa pamba tupu. Watu hao nao walipata maumivu ya kichwa na uzito ule ule, ingawa pamba haina sumu yoyote. Ilidhihirika kwamba kinacholeta dalili hizo ni kutanuka kwa puru, ambako huamsha mishipa ya fahamu.

Tangu hapo tiba rasmi iliiacha nadharia hiyo. Sokoni, hata hivyo, haikufa, na leo yauzwa Dar es Salaam, Nairobi na London kwa majina mapya.

DAWA ZA KUHARISHA ZIFANYAVYO KAZI

Dawa za kuharisha zijulikanazo na watu wetu ni nyingi, na kila moja ina njia yake. Chumvi ya haluli haifyonzwi kwa urahisi, hivyo hubaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Majani ya sanamaki yana kemikali ambayo hubadilishwa na bakteria wa utumbo mpana, kisha huuchokoza utumbo ujikunje kwa nguvu. Mafuta ya nyonyo, yaitwayo pia mafuta ya mbarika, yakivunjwa tumboni hutoa asidi iamshayo misuli ya utumbo, na vilevile misuli ya mji wa mimba. Ndiyo maana mama mjamzito hapaswi kuyanywa kwa kujiamulia.

Katika mikono ya mganga wa hospitali dawa hizi zina mahali pake. Utumbo husafishwa kabla ya kuchunguliwa kwa mrija wenye taa, na aliyefunga choo kwa siku nyingi husaidiwa kwa dawa au kwa maji yatiwayo kwa mpira. Hilo ni tendo la mara moja lenye sababu inayojulikana.

Kuharisha kwa desturi, kila mwezi au kila wiki, ni jambo jingine. Pamoja na maji hutoka chumvi na potasiamu, madini yaongozayo mapigo ya moyo na nguvu za misuli. Mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wa figo wanaweza kudhoofika kwa saa chache tu. Mpira ukiingizwa bila ujuzi waweza kutoboa utumbo. Na chombo kisichochemshwa huhamisha vijidudu kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Kati ya mwaka 1978 na 1980, katika zahanati moja ya jimbo la Colorado, Marekani, mashine ya kuoshea utumbo ilieneza ugonjwa wa amiba. Watu wasiopungua 36 waliugua, 10 kati yao walikatwa utumbo mpana, na baadhi yao walifariki. Ikiwa hayo yalitokea mahali ambapo amiba ni nadra, sisi ambao amiba tunaijua vizuri tuna sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

SOMO LA AFRIKA MASHARIKI

Yafaa kila Mtanzania ajue kwamba mojawapo ya mafundisho makubwa ya dunia kuhusu afya ya utumbo lilitoka katika ardhi yetu hii ya Afrika Mashariki. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alifanya kazi nchini Uganda tangu mwaka 1946 hadi 1966. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu kwa miaka mingi Kenya na Uganda, waliona kwamba magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama vile bawasiri, kuvimba kwa kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa machache sana miongoni mwa wanavijiji waliowahudumia.

Burkitt hakuridhika na kukisia. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo visivyosagika, wakahesabu saa hadi vilipotoka, na kupima uzito wa choo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilisafiri mwilini kwa muda wa saa 36 hivi, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito uliozidi gramu 400. Kwa Waingereza waliopimwa safari hiyo ilizidi saa 70, na choo kilikuwa gramu 100 hivi tu. Tofauti kubwa ilikuwa katika sahani: wanavijiji walikula vyakula vyenye nyuzi nyingi, na Waingereza walikula mkate mweupe na sukari.

Haki yatudai tuseme pia kwamba si kila alilofikiri Burkitt limethibitika. Wanavijiji wa wakati ule wengi walikuwa vijana, na wengine waliugua na kufa bila kufika hospitali, hivyo hesabu zake zilikuwa na mapengo. Hata hivyo kiini cha hoja kimesimama. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba watu wanaokula nyuzi nyingi hupata saratani ya utumbo mpana kwa uchache zaidi kuliko walao nyuzi kidogo, na kwamba kiasi kifaacho ni angalau gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Ushahidi mwingine umetoka karibu zaidi na Bariadi. Kandokando ya Ziwa Eyasi huishi Wahadzabe, na baadhi yao wamo ndani ya Wilaya ya Meatu. Chakula chao cha asili ni mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba bakteria wa matumbo yao ni wa aina nyingi kuliko wa Wataliano waliolinganishwa nao. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria hao hubadilika kufuata majira: aina fulani hupungua wakati wa mvua, kisha hurejea kiangazi.

Aprili 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kilimanjaro kwa vijana wanaume 77 wenye afya. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, na baadhi ya waliozoea chakula cha kizungu walipewa cha asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu walionyesha katika damu yao dalili za mwili kuwaka kwa ndani, na kinga yao ilipungua nguvu. Waliohamia chakula cha asili au mbege walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko hayo yaliendelea kuonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili zilitosha!

SAHANI YA USUKUMANI

Kwa hiyo, anayetaka "kusafisha tumbo" aangalie kwanza ghalani kwake. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutoka sehemu ya Shinyanga, ni nchi ya pamba, lakini pia ni nchi ya mtama, uwele, viazi vitamu, choroko na dengu. Kila gramu 100 za choroko au dengu zilizochemshwa zina nyuzi gramu 7 hivi, yaani robo ya mahitaji ya siku. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi choroko hupakiwa zote kwenye magunia ya mnunuzi, na mkulima hurudi sokoni kununua tambi.

Michembe na matobolwa, ambavyo wazee wa Kisukuma walivianika ili kuivuka njaa, vina faida ya ziada. Wanga uliopikwa kisha ukapoa hubadilika kwa sehemu, ukawa hausagiki katika utumbo mwembamba, na hivyo hufika kwa bakteria wa utumbo mpana ukiwa mzima. Mlenda una utelezi ushikao maji na kulainisha choo. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, huleta nyuzi wakati wa kiangazi ambapo mboga mbichi ni adimu.

Adui mkubwa ni kinu cha kukoboa. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huenda kwa ng'ombe na kuku, na binadamu hubakiwa na wanga mweupe. Ng'ombe hapo amepata sehemu iliyo bora. Dona haina sura ya kupendeza kama sembe, lakini utumbo hauna macho.

Anayebadili chakula aongeze nyuzi kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu, na anywe maji safi ya kutosha. Akiongeza kwa ghafla tumbo litajaa hewa, naye atadhani chakula chamdhuru. Zaidi ya hayo, asizuie haja inapomjia. Kutembea na kulima, kazi ambazo wakulima wetu hawazikosi, nazo huusaidia utumbo kusukuma.

Na choo cha kawaida ni kipi? Si lazima kila siku. Watu wenye afya hutofautiana, kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki. La muhimu ni kwamba choo kiwe laini, kitoke bila kujikamua, na kisibadilike desturi yake bila sababu.

JARIBIO DOGO LA NYUMBANI

Chukua bilauri mbili za maji. Katika ya kwanza tia vijiko viwili vya pumba safi ya mahindi, na katika ya pili vijiko viwili vya sukari. Ngoja saa moja. Pumba itakuwa imevimba kwa kunywa maji, na sukari itakuwa imetoweka. Hivyo ndivyo yanavyotokea tumboni: nyuzi hushika maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na laini, sukari hufyonzwa yote, isiache kitu cha kusukumwa.

Ukitaka kujua muda wa safari ya chakula, kula mahindi ya kuchemsha mara moja, andika saa, kisha usiyale tena hadi utakapoona maganda yake katika choo. Wengi wataona kati ya siku moja na tatu.

DALILI ZISIZOOSHEKA

Sasa twaja kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Kuna magonjwa ambayo muuza dawa huyaita "uchafu", na ambayo haluli haiwezi kuyagusa.

La kwanza ni kichocho cha tumbo. Ugonjwa huu umeenea kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na Wilaya ya Busega. Minyoo yake haiishi ndani ya njia ya chakula, bali ndani ya mishipa ya damu iliyo nje ya ukuta wa utumbo. Mayai yake hupenya ukuta huo na kuleta maumivu, kuharisha na damu, na baada ya miaka ini na wengu huvimba. Mtu aweza kuosha utumbo mara mia asimfikie mnyoo hata mmoja. Dawa yake ni prazikwanteli, na kinga yake ni choo bora na kuepuka maji yenye konokono waenezao ugonjwa.

La pili ni kusokotwa kwa utumbo. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana yaweza kujizungusha kama kamba, ikajifunga. Ugonjwa huu haumbagui mtu alaye nyuzi nyingi, na katika Afrika Mashariki unajulikana sana na wapasuaji. Tumbo hujaa kama ngoma, huuma, na mgonjwa hapati choo wala hatoi hewa. Kumpa mtu huyo dawa ya kuharisha ni kuusukuma mlango uliofungwa kwa komeo: utumbo waweza kupasuka. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, awe mchana au usiku.

La tatu ni saratani ya utumbo mpana. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walieleza mwaka 2013 kwamba wagonjwa wao wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele, na kwamba si wazee peke yao wanaoupata. Saratani ikigunduliwa mapema huweza kukatwa na mtu akapona. Kila mwezi upoteao katika chupa za kuharisha ni mwezi ambao uvimbe umepewa bure.

Basi msomaji akariri dalili hizi: damu katika choo, au choo cheusi kama lami; choo kilichobadilika desturi kwa zaidi ya wiki tatu; kukonda bila sababu; upungufu wa damu; uvimbe unaoshikika tumboni; na tumbo kujaa pamoja na kushindwa kutoa choo na hewa. Mwenye dalili mojawapo aanzie kituo cha afya kilicho karibu, na aseme wazi, bila haya, kwamba ameona damu. Aibu katika jambo hili imeua wengi kuliko ujinga.

HITIMISHO

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania mbele ya redio, wakajifunza na kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Majina ya kampeni hizo mbili yakiunganishwa yanatosha kuwa muhtasari wa somo letu.

Utumbo mpana si mtaro wa taka unaongoja mzoaji. Ni kiungo hai kijisafishacho chenyewe, nacho hakidai ila vitu vichache: nyuzi, maji, mwendo, na haja isiyozuiwa. Mwenye hivyo hana haja ya chupa ya mnadani. Na asiyepata nafuu baada ya kuvipata, huyo haja yake si kuoshwa, ni kupimwa.